Mwalimu wa Maswali ya Ijumaa

Mimi si mtu wa kuandika, lakini si mtu wa kushindwa pia, na wanaonifahamu Kariakoo watakuambia. Niliingia mji huu na kaptula moja. Nikabeba magunia ya watu sokoni, nikahamia bandarini kupakua meli, nikatoka huko nikaweka meza ya vijiko na vikombe kando ya barabara. Leo nina duka la vyombo lenye milango miwili, na pikapu niliyoinunua kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna chama kilichonipa kiti. Nayasema haya mapema ili ujue si kawaida yangu kuinamisha kichwa. Ni mtu mmoja tu ambaye nikimkumbuka, shingo yenyewe inalegea.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa hapa Kariakoo. Jina lake nalijua, lakini sisi sote tulimwita Mwalimu wa la Tatu, na jina hilo lilimganda hata alipoondolewa darasa hilo. Habari za wazazi wake na alikokulia hakunieleza, na mimi sikuuliza. Lililonihusu ni kwamba yeye alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi, yaani watani.

Kwa asiyejua, mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuingia msibani kwako akachukua sufuria ya wali akaondoka nayo, na waliofiwa wakacheka huku wanalia. Unachopaswa kufanya ni kimoja, kumrudishia. Ukinuna, umejitoa mwenyewe kwenye undugu. Wanyamwezi na Wazaramo walianza utani wao zamani, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na misafara, mizigo kichwani. Kwa hiyo yule mwalimu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Mpagazi.

"Shikamoo, mwalimu," nilikuwa namwambia, maana umri alinizidi.

"Marahaba, Mpagazi. Tua mzigo, ukae."

Nami namwuliza kama leo Wazaramo wameamka au bado wanasubiri nazi idondoke yenyewe. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Kusoma alinifundisha yeye. Zilikuwa zile enzi za kisomo cha watu wazima, wakati serikali ilisema kila mtu ashike kalamu, na jioni tulikuwa tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga kidevu: mahamali, mama lishe, mwuza mkaa mmoja aliyekuwa akiacha alama nyeusi kwenye kila karatasi. Mimi nilijua kusoma haraka kuliko wote, hilo hata yeye hakulikana. Lakini alikuwa na desturi ya ajabu. Kabla ya kuandika neno ubaoni alituuliza sisi kitu hicho nyumbani kwetu kinaitwaje, kinatengenezwaje, nani ana ruhusa ya kukigusa. Neno "chungu" lilituchukua jioni nzima. Mwuza mkaa alieleza udongo wa kwao unavyokandwa na majivu, mama mmoja akabisha, wakatoka nje wakiendelea kubishana, na sote tuliijua herufi "ch" kwa sababu hakuna aliyetaka kuwahi nyumbani.

"Kitabu kimefika mkoani," alikuwa akisema, "lakini hakijafika jikoni kwenu."

Kwa watoto alikuwa na Swali la Ijumaa. Kila Ijumaa kabla ya kengele ya mwisho aliwapa swali moja wakaulize nyumbani, na alikataza lisiandikwe. Mtoto alibebe kichwani na jibu alirudishe kichwani, Jumatatu asimame aseme. Bibi yako anajuaje kwamba mvua ya kesho ni kubwa? Kwenu mtoto akizaliwa usiku anatolewa nje lini? Samaki akizidi na soko limefungwa, mnamfanyaje? Hapa mjini, katika nyumba yenye vyumba sita na kila chumba kabila lake, swali moja lilikuwa likizunguka ukumbini kutoka mlango hadi mlango. Wazee waliokuwa wakikaa barazani kama mizigo iliyosahauliwa sasa walitafutwa. Nimewaona wakinyoa ndevu Jumapili.

Mzee au jirani akijibu vizuri sana, mwalimu alimwita darasani aje afundishe mwenyewe. Alikuja bibi mmoja wa Kizaramo akafundisha kusuka ukili wa mkeka, watoto wakatoka wamejifunga vidole. Alikuja mwenye duka wa Kichaga, ambaye watu walidhani amekuja kuuza daftari, akaeleza mifereji ya kwao inavyoteremsha maji mlimani bila bomba. Akachora kwa kijiti uwanjani, watoto wakachimba, wakamwaga ndoo, na maji yakaenda moja kwa moja hadi chini ya mlango wa mwalimu mkuu. Mkuu alifoka. Mwalimu wetu alimwambia, "Umeona yalivyotii?" Baadaye mifereji ile ile ilichimbwa kwenye shamba la shule kule Jangwani, na mvua za mwaka ule matuta ya mchicha ya shule nyingine yalikwenda na maji, ya kwao yakabaki.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alisifia vyungu darasani, lakini kwake alipikia sufuria za alumini, tena alizichagua dukani kwangu huku anazigonga kwa kucha kama daktari. Alitaka watoto wajue majani yote ya dawa, ila kichwa kikimuuma alimtuma mtoto akamnunulie aspirini. Ukili ulimshinda kabisa. Yule bibi alimwambia mbele ya darasa kwamba vidole vyake ni vya kushika chaki tu, naye akacheka hadi akakaa. Ngoma zikipigwa jirani alifunga dirisha na kunung'unika, Mzaramo mzima. Na fimbo alikuwa nayo. Mtoto akisema Jumatatu jambo la kubuni, alimchapa. Kusahau hakuchapwi, kutojua hakuchapwi, kubuni ndiko kulikochapwa. "Ukinidanganya kuhusu bibi yako," alikuwa akisema, "utakuwa umemuua mara ya pili."

Binti yangu wa kwanza alikuwa darasani kwake. Kila Ijumaa aliingia dukani amebana midomo, swali lisimdondoke njiani, na mimi nilikuwa nalisubiri swali hilo kuliko wateja. Kila kitu kilinipeleka kwa nyuki. Baba yangu alikuwa mrina asali. Porini kwetu alitundika mizinga ya magome ya miti mbali kuliko mtu anavyoweza kutembea kabla ya chakula cha mchana. Nilimsimulia binti yangu jinsi babu yake alivyokuwa akipita chini ya mti bila kupanda, anainua kichwa mara moja, anasema, huu umejaa, ule bado. Na hakukosea. Niliisimulia hadithi hiyo barazani, dukani, kwenye foleni ya sukari. Yule Mchaga wa mifereji, duka lake jirani na langu, alikuwa ananiambia, "Mzee, leo mizinga imejaa tena?" Nikamwambia imejaa, na kwao kuna mifereji tu.

Nilichokuwa sikisemi ni kwamba niliondoka nyumbani kabla sauti haijavunjika. Kurina sijawahi. Nilikuwa nabeba kibuyu nyuma ya baba, na kichwa changu kilikuwa tayari kimeshatangulia mjini. Nilimwona akiinua kichwa. Alikuwa anaangalia nini, sikuwahi kuuliza.

Sasa yale mambo ya Ijumaa yalianza kupata maadui. Mwalimu mkuu alikuwa na mtihani wa darasa la saba mbele yake, na wazazi wengine walisema hawakuwaleta watoto mjini wafundishwe mambo ya shamba waliyoyakimbia. Mkuu aliweka sharti: mkaguzi wa elimu atakuja kuona somo moja. Akiridhika, maswali ya Ijumaa yaendelee, tena yafikiriwe kuenezwa shule nyingine. Asiporidhika, yaishe, na darasa la tatu lifundishwe na mtu mwingine.

Mwalimu alikuja dukani mwenyewe. Alisimama katikati ya masufuria akaniambia nifundishe mimi siku hiyo. Alisema hata mkaguzi hawezi kukataa asali.

Nilipaswa kusema aitwe yule mzee mwenzetu anayeuza nta karibu na soko, yeye ndiye aliyerina. Badala yake nilimwambia mwalimu kwamba amefika mahali penyewe, na kwamba mkaguzi ataondoka ananuka moshi. Akaniangalia kidogo.

"Mpagazi, unaiweza?"

Nikamwambia mtoto wa mrina asali haulizwi swali hilo.

Siku yenyewe nilivaa suti ya mikono mifupi iliyoshonwa na fundi wa Kihindi wa Upanga, nikaazima mzinga wa magome kwa yule mwuza nta, nikanunua masega kwake nikayaweka kwenye bakuli jipya. Mkaguzi alikaa dawati la nyuma, kijana aliyenyooka, miguu imetokeza pembeni. Watoto walisimama wakaniamkia. Binti yangu alikuwa safu ya pili, amesukwa nywele upya. Mama yake alimsuka tangu jana yake kwa ajili ya siku hiyo.

Nikaanza. Nilieleza nilivyofika mjini, magunia, bandari, meza ya vijiko. Watoto walinisikiliza, maana kusema nakujua. Mwalimu alinikatiza polepole.

"Mpagazi, umefika mjini mapema mno. Turudishe porini."

Wakacheka, nami nikacheka, nikainua mzinga, nikawaonyesha tundu nyuki wanapoingilia. Nikasema unatundikwa juu, unapanda na kienge cha moshi, unakata masega. Nikasimulia baba anavyopita chini ya mti na kuinua kichwa. Hapo binti yangu akanyoosha mkono.

"Ba..." akajirekebisha. "Mzee. Babu alijuaje kwamba umejaa, kabla hajapanda?"

"Aliangalia," nikamwambia.

"Aliangalia nini?"

Nilifungua mdomo. Baba alikuwa pale pale mbele yangu, shingo imeinuka, na mimi nyuma yake na kibuyu. Niliangalia alikoangalia. Niliona majani tu.

"Aliangalia... mzinga."

Mtoto mmoja akacheka. Wakafuata wengine. Mkaguzi aliinua kalamu. Ningeweza kubuni, na mdomo wangu ulishaanza kuona njia, lakini fimbo ya mwalimu ilikuwa mezani, na nilijua darasa lile linavyouona uongo. Nikaushusha mzinga mezani. Jasho likateremka ndani ya ile suti.

Mwalimu akanitupia kamba. Alisimama akawageukia watoto, uso umejaa utani.

"Msimshangae mzee wenu. Hawa babu zao walibeba mizigo kutoka bara hadi pwani bila kuuliza ndani mna nini."

Darasa lililipuka. Hata mkaguzi alicheka, kalamu ikalala. Na hapo, msomaji, kila kitu kilikuwa kimeokolewa kama ningemrudishia tu. Majibu ninayo mia. Ningesema na nyinyi mlikaa pwani mkisubiri tuwaletee. Angenijibu, ningemjibu, kisha angewauliza watoto nani ana mzee nyumbani anayejua nyuki, na swali lingekuwa la Ijumaa, na mkaguzi angeona jinsi somo lile linavyofanya kazi. Alikuwa amenifungulia mlango mpana kuliko yangu miwili. Sikuweza. Nilimwona binti yangu. Darasa zima lilikuwa linacheka, yeye peke yake hakucheka, alikuwa ameangalia kwapa la suti yangu lilipolowa. Nikachukua bakuli, nikauacha mzinga, nikasema, "Samahanini, nina wateja."

Mtani amenitania mbele ya watoto na mimi nimenuna. Watoto wenyewe walilijua kosa hilo. Vicheko vilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikiwa mlangoni nilimsikia mkaguzi akisema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nadhani nimeona ya kutosha."

Maswali ya Ijumaa yaliisha. Mwalimu akapelekwa darasa la kwanza, kuimbisha a, e, i, o, u, na kule walimkataza wageni. Wazee wa nyumba zetu walirudi barazani. Yule bibi wa ukili aliuliza mara mbili tatu lini ataitwa tena, kisha akaacha kuuliza.

Na yeye hakubadilika. Wiki hiyo hiyo alikuja dukani kununua mfuniko, akaugonga kwa kucha, akaniuliza Wanyamwezi leo wamebeba nini. Nikasema, "Karibu, mwalimu." Alisubiri kidogo, akalipa, akaondoka. Aliendelea hivyo miaka, kila akija ananirushia, na mimi namkaribisha kwa heshima kama mteja wa kutoka ubalozini. Hakuna adhabu aliyonipa kubwa kuliko kuendelea kunitania. Binti yangu naye alikuwa mtoto mwenye adabu, hakusema neno. Ila hakuniuliza tena jambo lolote la kwetu. Akitoka shule aliniuliza habari za bei tu.

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani kumzika mama. Baada ya arobaini, baba yangu mdogo alikwenda porini na mimi nikamfuata, mtu mzima na tumbo langu, nikamwuliza baba alikuwa anaangalia nini. Mzee alicheka akakaa chini. Kisha akanionyesha. Mzinga usiojaa, nyuki wanaingia mbio, miguu imebeba unga wa maua, hakuna anayesimama mlangoni. Ukijaa hawana pa kukaa ndani. Wanatoka wananing'inia nje kama ndevu. Na chini ya mti, jua likiwa kali, harufu inakushukia usoni. "Kaka alikuwa haangalii tu," akasema. "Alikuwa ananusa. Wewe ulikuwa nyuma yake, upepo ulikuwa unakupita."

Nilirudi Dar na chupa ya asali, na kabla sijafungua duka nikaenda kwa mwalimu. Alikuwa amestaafu, anakaa chumba cha uani Gerezani, mtoto wa jicho amemfunika jicho moja na la pili linafuata. Nilimwamkia, akaijua sauti.

"Marahaba, Mpagazi. Safari hii unajua ndani mna nini?"

Nikamwambia ni asali. Kisha nikamweleza yote, ndevu za nyuki, unga wa miguuni, harufu, bila kujisifu, nadhani. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza Jumatatu, kichwa kimeinama upande. Nilipomaliza nikangoja anipe alama.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi sikuuliza."

Nikaiweka chupa mezani kwake.

"Unajua nilimwuliza mwanao siku ile? Baada ya nyinyi wote kutoka. Nilidhani ametaka kukuaibisha, watoto wana ukatili wao. Nikamwuliza, kwa nini uliuliza lile? Akaniambia, nilichagua lile kwa sababu ndilo baba analolijua kuliko watu wote."

Alipapasa meza akaipata chupa, akaifungua, akainusa, akairudisha mkononi mwangu.

"Ana mtoto sasa, nasikia. Ameanza shule?"

"Mwakani."

"Basi nenda. Mchana huu utamkuta."

Nilimuaga, nikatoka na asali yangu. Binti yangu ameolewa Keko, kwa pikapu si mbali. Nilifika pale barabara inapogawanyika, moja inakwenda Keko, nyingine inarudi dukani, nikasimamisha gari hadi wenye mikokoteni wakaanza kunipigia kelele. Mimi niliyepakua meli. Nilijiambia breki za gari hazinipendezi, na barabara ya Keko ina mashimo. Nikarudi dukani nikafungua milango yote miwili.